Mapasa Hawabariki Mtu Mmoja

Nilipokuwa mtoto, wanawake wazima walikuja nyumbani kwetu kuniomba watoto. Waliniomba mimi na dada yangu Omba, kwa sababu tulizaliwa siku moja, na mtaa wetu wa Kisangani uliamini kwamba mapasa, yaani mapacha, wanaweza kufungua tumbo lililofungwa. Baba, mwalimu kutoka Maniema, hakuamini. Lakini hakutucheka, maana ilisemekana pia kwamba mapasa wakikasirika nyumba nzima huota upele.

Tulikuwa na miaka saba hivi. Sijapata tena cheo kikubwa namna ile. Sheria yetu ilikuwa moja: anayempa mmoja lazima ampe na mwenzake, kwa hiyo vitu vyote vilikuja viwili viwili, ndizi mbili, leso mbili. Hata salamu tulipewa mara mbili.

Jirani yetu Mama Elali, aliyeitwa mama kwa heshima tu, mke wa karani wa bandari, alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Wiki moja mama mkwe wake alishuka kwenye boti kutoka Isangi akiwa na msichana ambaye, alisema, alikuja kusaidia kupika. Mtaa mzima ulielewa alikuja kumpikia nani. Mama Elali pia alielewa. Asipopata mimba upesi, ndoa yake ingekwisha, na msichana yule angebaki.

Mama Elali akamwendea mama yangu, naye akapanga Jumamosi, mchana, watu wakirudi kutoka salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Siku hiyo nilishindwa kula kwa furaha. Mama alikoroga udongo mweupe katika maji, akapindua beseni, akaanza kulipiga. Wanawake wakaja mbio wakiimba nyimbo za mapasa, ambazo maneno yake ni machafu, na ambazo siku hiyo peke yake watoto waliruhusiwa kuziimba kwa sauti. Niliimba mpaka koo likaniuma.

Mama Elali akaingia na kapu kichwani. Akapanga kila kitu juu ya mkeka: mayai mawili, sabuni mbili, vikombe viwili vya bati, vishada viwili vya ndizi. Akapiga magoti. Kazi yetu ilikuwa kuchovya vidole, kumpaka tumboni, kutema mate kidogo na kusema, "Zala," yaani zaa.

Omba hakuchovya. Aliangalia vitu, akamwangalia mwanamke, kisha akaangalia nyuma yake.

"Iko wapi ya pili?"

"Yote iko mbili-mbili, mama," Mama Elali akamjibu kwa upole. "Angalia muzuri."

"Mutu iko moja."

Beseni likanyamaza. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Omba, bariki mama."

"Siye tuko wawili. Hatubariki mutu moja." Akaficha mikono mgongoni. Mimi sikuwa nimefikiri lolote, lakini nikaficha yangu pia. Pacha hamwachi mwenzake.

Nikaona macho ya Mama Elali yakijaa machozi. Alidhani tumemkataa. Ndipo mwanamke mmoja akacheka: "Bon, si iko na bwana? Mukamate karani, mumulete."

Wakatoka mbio. Walimkuta njiani anatoka salongo, panga mkononi, matope hadi magotini. Wakamleta wakimsukuma na kuimba, na wimbo walioimba ulimtaja yeye.

"Mama Mapasa," akamwambia mama yangu, "miye niko na shida gani? Mugonjwa ni yeye."

"Miye sina neno, papa. Sema na wenye kazi."

Akatutazama. Akatazama ua, ambako vichwa vya majirani vilikuwa vimejipanga. Hakuna mwanamume ambaye angethubutu kuwakatalia mapasa mbele ya mtaa.

"Alors, niikale wapi?"

"Pale, karibu na yeye," Omba akasema. "Karibu zaidi."

Kelele zilizopigwa nazisikia bado. Tukampaka mke, kisha mume akainua shati, tukampaka na yeye. Alicheka bila kutaka, kwa kutekenywa. Mama Elali hakututazama sisi. Alimtazama mumewe.

Kuanzia siku ile wanawake walimtania karani, wakamwacha mkewe. "Karani, tumbo iko namna gani?" Hakuweza tena kujibu kwamba ugonjwa ni wa mke, wote walikuwa wameona udongo mwilini mwake. Mwishowe alikwenda naye hospitali. Nilipokuwa mtu mzima mama aliniambia kwamba aliyeandikiwa dawa ni mume. Msichana akarudi Isangi na boti, na masika yaliyofuata beseni likapigwa tena kwa Mama Elali: binti. Sifa zote tulipewa sisi, na kuku wawili.

Najua leo kwamba mate yetu hayakumponya mtu. Omba hakujua chochote kuhusu mbegu wala mayai ya uzazi. Alijua tu kwamba kitu kimoja hakitoshi. Waliotunga desturi ile walijua kiasi gani zaidi yake, siwezi kusema.

Mimi na mke wangu pia tulikaa miaka bila mtoto. Hospitalini muuguzi aliita jina lake peke yake. Nikasimama.

"Kaa, hujaitwa," mke wangu akaninong'oneza.

Niliingia naye. Tulipimwa wote wawili, na tulipomaliza yote yaliyowezekana, mtoto hakuja. Omba akatuletea binti yake wa tatu, aliyekuwa ameacha kunyonya. Tukamlea, akatuita papa na mama, tukamwoza.

Mke wangu alifariki mwaka jana. Msibani mzee mmoja wa ukoo alinivuta kando.

"Sasa yeye alishaenda," akasema. "Utuambie kweli. Nani kati yenu hakuweza kuzala?"

"Sisi," nikamjibu.