Simu Yangu Chini ya Ungo

Nikiona ungo popote, hata ule wa dukani usionijua, uso unaniwaka moto na naangalia pembeni kama mtu aliyekutana na anayemdai. Mimi ni yule ambaye darasani nilikuwa naogopa kunyoosha mkono hata jibu likiwa mdomoni, kwa hiyo mjue kwamba haya yaliyonipata mbele ya kina mama wa kwaya hayakunipata kwa sababu napenda kuonekana. Yalinipata kwa sababu ya wivu. Nasema mapema ili msije mkanihurumia bure.

Tulipomaliza kidato cha nne, mimi na Ikupa tulinunuliwa simu wiki moja. Ikupa ni mtoto wa baba mkubwa, tumezaliwa mwaka mmoja, wao wanakaa Tukuyu mjini na sisi tunakaa huku Masukulu nyumbani kwa babu na bibi. Simu zote mbili ni zile za bei ya chini, za kugusa kioo, na kwa mtu mwingine zingekuwa simu tu, lakini mimi kwa wiki nzima ya kwanza nilizilinganisha kama mtu anayechagua mchumba. Yake ni ya bluu, nyembamba, kamera yake inatoa picha mpaka unaona umande kwenye majani ya chai. Yangu ni nyeusi, nene, na kamera yake inampiga kila mtu kama amesimama jikoni kuni zikiwa mbichi. Ukifungua vitu viwili kwa pamoja inasita, inafikiri, halafu inakurudisha ulikotoka.

Lakini (hapa nilikuwa najifariji) betri ya yangu inakaa siku mbili, na huku kwetu tunachaji kwa sola, na mvua zikianza hilo jua lenyewe linakuja kusalimia tu na kuondoka. Ya Ikupa ikifika mchana inaanza kulia chaji. Na sauti! Simu yangu ikiita, ng'ombe anageuka. Ukiongea nayo kwa spika, mtu aliye kwenye migomba anakujibu. Tochi yake nayo ni kali, nikienda kukamua alfajiri sihitaji nyingine. Kwa matumizi ya kila siku, yangu ndiyo simu. Nilimwambia hivyo kila mtu aliyeniuliza, na waliokuwa hawajaniuliza nao niliwaambia, kitu ambacho kwa mtu mwenye aibu kama mimi ni dalili ya ugonjwa.

Shida ilikuwa kigoda.

Kando ya kiti cha babu pale sebuleni kuna kigoda kidogo cha miguu mitatu, na tangu nikiwa darasa la tatu kigoda kile kilikuwa changu. Macho ya babu yalipoanza kuchoka mimi ndiye nilikaa pale kumsomea Biblia, na akisinzia naacha, akishtuka naendelea. Hakuna aliyenipangia. Kilikuwa changu tu. Halafu baba mdogo Lusajo, mtoto wa mwisho wa babu anayefanya kazi Makambako, akapata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu, Ambokile. Babu hawezi kusafiri, mguu unamsumbua, na mtoto bado mchanga. Basi Jumapili moja Ikupa akaja na simu yake ya bluu, akakaa kwenye kigoda changu, akampigia baba mdogo simu ya video, na babu akamwona Ambokile mwenzake amelala.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya chai. Nilimwona babu akishika mkono wa Ikupa na kusema, "Ndaga, gwe mwana, ndaga fijo," ile asante ambayo mimi kwa miaka yote ya kumsomea sikuwahi kupewa na "fijo", yaani sana, juu yake. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Babu akaanza kuuliza kuanzia Alhamisi kama Ikupa anakuja. Biblia ikapata vumbi. Nikawa nikilala nawaza kamera.

Sasa niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilitaka kufa. Nyumbani kwetu mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Siku hizi wapo wanaosalimiana na hata kula pamoja, lakini babu yetu ni wa zamani, na mama mdogo, mke wa baba mdogo Lusajo, kalelewa na watu wa zamani. Akija kututembelea anapitia nyuma, kwenye migomba, na babu akitaka kutoka nje anakohoa kwanza kwa nguvu ili mkwe apate muda wa kujificha. Nimekua nayaona hayo. Njia nazijua, milango naijua, kikohozi nakijua. Kioo cha simu ndicho sikukifikiria.

Ikupa alikifikiria. Kila Jumapili kabla ya kupiga alikuwa anaandika ujumbe, anasubiri, anatabasamu, ndiyo anapiga. Mimi nikaona ni maringo ya mtu wa mjini. Kumbe alikuwa anamwandikia baba mdogo, "Babu yupo tayari, shika simu wewe."

Jumapili ya mkasa mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa. Kina mama wa kwaya walipita baada ya ibada kumwombea mtoto, sebule ikajaa, bibi akachemsha ndizi, na babu akavaa koti lake la kanisani kwa sababu baba mdogo alikuwa amesema mtoto ameanza kucheka. Ikupa akafika amelowa, akatoa simu ya bluu, akabonyeza, akabonyeza tena. Imezima. Sola yetu nayo haikuwa na kitu. Akasema anakimbia kwa jirani mwenye jenereta, aipe chaji kidogo, anarudi sasa hivi, tumsubiri.

Naapa nilitaka kumsubiri. Lakini kigoda kilikuwa wazi, na babu alikuwa anageuka geuka kwenye kiti, na mfukoni mwangu kulikuwa na simu yenye chaji ya kufika kesho. Nikakaa. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliishangaa, "Babu, kwani lazima iwe simu ya Ikupa?"

Babu akaniangalia kwa furaha. "Na yako inaonyesha?"

"Inaonyesha vizuri tu," nikasema (mwongo mkubwa). Namba ya baba mdogo niliyokuwa nayo haikupatikana. Nikapiga ya mama mdogo. Mtandao ukazunguka, ukazunguka, na kwa vile picha ya simu yangu ni ya moshi, nikampa babu aishike mwenyewe, aisogeze karibu kabisa na miwani.

Ikapokelewa.

Mama mdogo alikuwa kitandani, nusu ya nywele imesukwa na nusu imesimama, ananyonyesha. Kwa mara ya kwanza tangu ninunuliwe, simu yangu ilionyesha picha safi kabisa. Akasema, "Bupe, leo umenikumbuka," akainua macho, na badala ya Bupe akakutana na baba mkwe wake kioo kizima, kuanzia nyusi mpaka kidevu.

Alipiga ukelele mpaka kina mama wote wakasimama. Babu naye akaachia simu kama imemuunguza, akageukia ukutani, kiganja usoni, na simu ikaanguka sakafuni, kioo juu, katikati ya kiti chake na mlango. Chai ya watu wawili ikamwagika. Babu akasema akiwa ameelekea ukuta, "Funika hicho kitu."

Cha karibu kilikuwa ungo uliokuwa na maganda ya ndizi. Nikamwaga maganda, nikaufunika juu ya simu. Nikadhani yameisha.

Simu haikukatika. Mama mdogo alikuwa ameitupa yake kitandani na kukimbia, na kwa jinsi tulivyokuwa, hakuna aliyeweza kuinua ungo, maana ukiinua babu anaweza kugeuka na mama mdogo akawa amerudi kwenye kioo. Babu hakuweza kutoka kwa sababu ya mguu, na njia ya kutokea ilikuwa inapita juu ya ungo. Tukabaki hivyo, mzee ukutani, kwaya imesimama, na mimi nimepiga magoti nimeukandamiza ungo kwa mikono miwili kama nimekamata kuku. Na ile sauti niliyoisifia kwa wiki nzima ikaanza kutoka chini ya ungo, kila neno.

Kwanza kilio cha mtoto. Halafu mama mdogo akimlilia jirani: "Nimemwona mkwe. Nimemtazama machoni, na kifua kiko wazi, nitamwambia nini mume wangu?" Kina mama wa kwaya wakaziba midomo kwa kanga, wengine kwa huzuni, wengine nawajua mimi. Nikawa naomba chaji iishe. Chaji ya simu yangu! Niliyoitangaza mpaka kwa wasioniuliza!

Kisha tukasikia mlango, na baba mdogo akiuliza kuna nini, nani amepiga.

"Bupe."

"Bupe yupi? Yule asiyeongea? Sasa amekimbilia nini? Angemwacha Ikupa. Ikupa ndiye anajua kufanya hivi vitu."

Sebule nzima ilisikia. Kuaibika kwa babu niliweza kukubeba, kwa mama mdogo pia, lakini hilo la mwisho lilinichoma mahali nisipoweza kupaonyesha. Machozi yakadondokea kwenye ungo.

Na aliyeniokoa, bila shaka, ni yeye. Ikupa aliingia, simu yake mkononi ina mstari mmoja wa chaji, akamtazama mzee, akautazama ungo, na kwa kweli hakucheka. Akavua kanga yake, akaitupa juu yangu na ungo kwa pamoja, akaingia humo chini na mimi, na katika lile giza akaninong'oneza, "Sogeza kidole, Bupe, unanizuia pa kukatia."

Babu aliingia chumbani na hakutoka mpaka jioni. Bibi alisema zamani jambo kama hili lingekwisha kwa ng'ombe, lakini kwa vile mkosaji ni mimi na ng'ombe sina, jogoo wangu mwekundu aliyekuwa anajiona mkubwa kuliko babu alifungwa miguu Jumatatu asubuhi, akapandishwa basi la Makambako akaombe radhi. Mama mdogo alipeleka ujumbe kwamba amepokea, na kwamba analia kidogo kidogo bado.

Jumapili iliyofuata sikutaka hata kutoka jikoni. Nilimsikia Ikupa akiandika ujumbe wake, akisubiri, na nilijua ni wakati wa kigoda. Ndipo babu akaita, "Gwe Bupe! Njoo ukae hapa."

Nikaenda nimeinama. Ikupa alikuwa amesimama nyuma ya kiti na simu ya bluu, kigoda kiko wazi. Nikakaa, nikifikiri labda ananirudishia Biblia yangu. Babu akamwambia bibi alete ungo. Akauweka mapajani mwangu kwa mikono yake mwenyewe.

"Ikupa ashike simu," akasema, "huyu anajua kufunika."

Walicheka mpaka mtoto huko Makambako akacheka nao, na babu akamwona akicheka, akanishika bega akitikisika. Nilikuwa nimerudi kwenye kigoda changu, na ungo juu yake. Wivu sijaumaliza, siwezi kuwadanganya, kamera yake bado inaonyesha umande na yangu bado inaonyesha moshi. Ila nimejiapiza kwamba sitapiga simu ya mtu yeyote wa ukoo huu kabla ya kuuliza ni nani ameishika upande wa pili, na kwamba simu yangu sitaisifia tena kwa chaji, maana siku ile ilipokatwa nilichungulia kioo, na bado ilikuwa imejaa zaidi ya nusu.