Fundo la Mizunguko Kumi na Miwili

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Jina langu nalificha, maana Butembo nzima tayari inanicheka, sitaki Beni nao waanze!

Kazi yangu ni kufunga vitu kwenye mtumbwi mkubwa wa injini unaovuka Ziwa Edward. Kabla hatujaondoka, kila kinachoweza kuteleza nakikaza kwa kamba: bidoni za mafuta, sanduku la vyombo, na mabeseni mawili ya kuchotea maji.

Bosi alinifundisha fundo la kuvuta mara moja tu, linafunguka. Lakini mimi na kichwa changu kikubwa! Nilitunga fundo langu mwenyewe, ambalo hakuna aliyeliweza ila mimi. Aliyetaka kitu ilibidi aniite. Nilikuja polepole, napiga mluzi. Jamani, nilijiona waziri!

Siku moja akapanda Papa Masika, baba wa Masika, msichana ninayetaka kumuoa. Alivaa kofia yake ya misa. Posa ilikuwa wiki mbili mbele. Ili anione fundi, nikayapachika mabeseni moja ndani ya jingine, nikayafunga kwenye ubao kwa mizunguko kumi na miwili, nikakaza kwa meno.

Katikati ya ziwa upepo ukaamka, maji yakaanza kuingia.

"Leta beseni! Mbio!" bosi akapiga kelele.

Kamba ilikuwa imelowa na kuvimba. Navuta huku, inakaza kule. Kisu? Kilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku nililifunga kwa fundo lilelile!

Papa Masika akanitazama, akavua kofia, akaanza kuchota maji nayo. Kofia ya misa! Alichota mpaka tukafika ng'ambo. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa kuzama.

Ufukweni wavuvi walitupatia panga, bosi akakata kamba upande wa ubao. Mabeseni yakabaki yamefungwa pamoja, na fundo langu juu. Papa Masika akayaomba, akaenda nayo.

Siku ya posa, mbuzi wangu wako nje, wajomba wameshasema maneno matamu. Papa Masika akaingia na yale mabeseni, akayaweka mbele yangu.

"Mukwe, hii fundo ni ya kwako. Fungua tuone."

Kamba ilikuwa imekauka ngumu kama mti. Nikajaribu kwa vidole, kwa meno, kwa uma. Shangazi zake Masika walicheka mpaka wakashikana.

"Mutoto mwanamuke sikukatalii," akasema Papa Masika. "Lakini utarudia hapa siku utafungua. Na kisu, hapana!"

Nikarudi nyumbani na mbuzi wangu wote, na yale mabeseni.

Sasa ni mwezi wa tatu nahangaika na fundo hilo. Masika ananipigia simu: "Umefika ku ngapi?" Namwambia mzunguko wa tano. Zamani alicheka. Juzi alikata simu, na moyo wangu ukauma kweli.

Wewe unayesoma, usifunge kitu ili watu wakuhitaji. Mwenzako atakapokwama, utakwama naye, na kiburi chako hakitachota maji!

Na kama una kucha ndefu, pita kwangu haraka. Kuna mwalimu mmoja wa Lubero ameanza kuwasalimu akina Masika. Jumapili aliwaletea gunia la viazi. Nasikia Papa Masika alivuta kamba mara moja tu, gunia likafunguka.