Maharage ya Mama Ferista

Ukungu ulikuwa umefunika uwanja wa ndege wa Songwe tangu alfajiri, na ndege yetu ilikuwa haijatua. Abiria tulinuna na kulalamika, mimi nikiwa wa kwanza. Mama Ferista, mkulima wa kahawa kutoka Iyula, hakulalamika. Alitandika khanga sakafuni, akamimina maharage kutoka kwenye kiroba, akaanza kuyachambua.

"Ni ya msiba, naenda nayo Mwanza," aliniambia. "Siwezi kufika na maharage yenye mawe."

Kwetu Ibaba, ukimkuta mtu anachambua maharage ya msiba, hupiti tu. Niliketi nikamsaidia. Mikono yake ilikwenda mbio, kama ya mtu anayefukuzwa. Tulipofika nusu ndipo nilipomuuliza nani amefariki.

"Lwitiko. Mwanangu wa mwisho."

Nilipandwa na hasira. Nani kamwachia mama wa marehemu kazi hii? Mfiwa hachambui, hapiki, hatumwi. Nilimshika mikono, nikayatoa maharage viganjani mwake.

"Acha, mama. Hii kazi ni yetu."

Aliitazama mikono yake mitupu, na ndipo alipolia.