Wakimbiaji na Kisima cha Chini ya Mwamba

Baba yangu alizaliwa Kintinku, katika boma la wafugaji. Mama yangu alizaliwa Unyambwa, akaletwa huku kwa ndoa. Majina yao unayajua, mjukuu wangu, usiyaandike. Andika tu kwamba walinilea nisimwamini mtu anayefika bila kueleza safari yake.

Zilikuwa nyakati za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Manyoni, yaliyokuwa matupu, yalijaa sabuni na viatu vya mitumba, na wenye fedha wakaanza kuulizia ardhi. Mimi nilikuwa mjane. Mali yangu kubwa ilikuwa kisima kilicho chini ya mwamba, katikati ya mlima wa nyuma ya nyumba, alichokichimba babu yako. Kiangazi, mbuzi wangu na wa majirani hawakuwa na maji mengine. Hakuna aliyetuandikia kuwa ni chetu, kilijulikana tu.

Baba yako, wakati huo kijana wa kazi za reli, akaanza kuja na rafiki zake siku za Jumamosi kukimbia mlimani. Mmoja alikuwa muuguzi, mwanamume mnene mwenye kicheko. Mwingine alikuwa na duka Manyoni, naye alivaa viatu vyeupe.

"Shikamoo mama!" walipaza sauti wakipita uani.

"Marahaba. Nani anawafukuza?"

"Kitambi, mama!" akajibu muuguzi. "Na leo karibu kinanikamata."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu mzima hapandi mlima mbio bila haja. Nikaanza kuwachunga mbuzi upande ule ule. Baba yako na muuguzi walikimbia hadi kileleni, mmoja akimwita mwenzake kobe, mwenzake akimjibu kwamba kobe hufika. Mwenye duka aliishia kisimani, akainama kufunga kamba za kiatu. Jumamosi iliyofuata akainama pale pale, na nyingine vivyo hivyo. Kiatu gani hufungukia mahali pamoja kila mara? Kisha nikamwona akitumbukiza fimbo majini na kuitazama ilipolowa.

Nikamwuliza baba yako.

"Mama, wewe unamshuku hata kuku," akasema. Lakini hakunitazama.

Sikugombana naye. Waliporudi tena nilikuwa nimesonga ugali wa uwele, mboga ya mlenda ipo, na nimewaalika wazee wawili wa jirani. Katika nyumba yangu mgeni hanawi mikono kabla ya kueleza safari yake, na alilolisema mbele ya chakula haliondoi tena. Nikashika kata ya maji, nisiimimine.

"Eleza safari yako, baba," nikamwambia mwenye duka.

"Ah, mama, nakimbia tu."

"Huna haja nyingine mlimani?"

"Sina."

"Hata kisima?"

"Huyu?" akadakia muuguzi. "Huyu maji hayataki, mama, hata kuoga tunamsihi!"

Mwenye duka akacheka pamoja nao. "Kisima ni chako, mama. Mimi nitakipeleka wapi?"

Nikammiminia maji. Akanawa, akala vizuri sana.

Kabla ya mvua alirudi, safari hii bila mbio, akiwa na mtu wa ofisi ya kijiji. Alitaka apewe eneo la kisima alime vitunguu, kwa madai kwamba halina mwenyewe. Mkutano ukaitwa. Wale wazee wawili wakasimama na kurudia maneno yake. Kisha akasimama muuguzi, aliyetoka Manyoni kwa jambo hilo tu.

"Nilikuwapo," akasema. "Alikiri kisima ni cha mama, halafu akamaliza mlenda wote."

Watu wakaangua kicheko, na mkutano ukamkatalia mwenye duka. Kisima kikabaki kwetu.

Baba yako hakuja mkutanoni. Alisema alikuwa zamu. Yeye ndiye aliyemleta mtu yule. Yeye ndiye aliyemwonyesha njia. Huenda alikuwa zamu kweli. Mimi sikumwuliza, naye hajanieleza, na mpaka leo nikimpa maji ya kunawa mkono wangu huchelewa kidogo.

Basi, kisima nakuachia wewe, si yeye. Usikizungushie uzio. Njia ya mbuzi wa majirani iache wazi, kwa maana siku ya mkutano mwingine utawahitaji wenye mbuzi hao. Na haya uliyoyaandika yatunze. Nikishazikwa, mpe baba yako ayasome mbele yako, nawe umtazame usoni anapofika penye neno zamu. Utakachokiona hapo usimwambie mtu.