Mzigo Niliompunguzia Mtani Wangu

Mpaka leo sigusi begi la mtu. Mgeni akifika kwangu namwonyesha pa kuliweka, aliweke mwenyewe. Walionifahamu juzijuzi wanadhani ni adabu.

Zamani nilikuwa mjuaji. Nilikaa Old Korogwe, karibu na mto, na nilikuwa na sheria moja niliyojivunia kuliko kitu chochote: kabla hatujapanda baiskeli, mimi na mwenzangu tulimwaga mabegi yetu kwenye mkeka wangu, nami nikashika kitu kimoja kimoja na kuuliza, hiki kitafanya kazi gani njiani? Kisichokuwa na jibu la haraka kilibaki.

Biashara ilikuwa imefunguliwa. Watu walioitwa walanguzi kwa kukutwa na mche wa sabuni chini ya kitanda sasa waliitwa wafanyabiashara, na mitumba iliteremka Korogwe kwa marobota. Humo ndani, katikati ya makoti mazito ambayo hakuna aliyeyataka kwa joto letu, tulikuta mabegi mawili ya mgongoni ya Wazungu, yenye mikanda na vifuko hata hujui vya kutilia nini. Tuliyachomoa mapema, wateja wasiyaone. Kwa mabegi yale na baiskeli za Kichina tulipeleka nguo, betri na wembe kwenye magulio ya nyika ya Handeni, ambako magari yalifika kwa kusuasua.

Mchanga wa barabara ile ulinifundisha kuchukia uzito. Nilibeba pampu, gundi na viraka, spana mbili, spoki tatu za akiba, mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu ya kufungia mzigo, dumu la maji, kisu, kiberiti. Kanga moja ya mke wangu ilikuwa shuka, taulo na kivuli. Mswaki sikubeba, kwa sababu miti ya kuchongea mswaki inaota njiani. Sufuria niliikata mpini. Nilikuwa nikilala usiku nikiwaza ni nini kingine niondoe, na mke wangu alisema siku moja nitaondoka bila kichwa.

Mwenzangu alikuwa Mnyamwezi. Baba yake aliletwa kukata mkonge enzi za wakoloni akabaki, naye akazaliwa hapa hapa, akasema Kizigua vizuri kuliko watoto wangu. Mimi ni Mzigua, kwa hiyo tulikuwa watani, na asiyejua utani huo wa makabila yetu hawezi kuelewa kosa langu. Mtani anakutukana mbele ya mkweo, nawe unacheka. Mtani anaingia jikoni kwako na kupakua nyama. Akichukua kitu chako hukidai, kwa maana ukikidai umeonyesha kwamba umekasirika, na ukikasirika umeuvunja utani. Ungoje siku yako, nawe uchukue chake.

Asubuhi ile kulikuwa na ukavu wa ajabu. Mvua za vuli zilikuwa zimepita pembeni, na hata upande wa mtoni hewa ilikuwa na vumbi. Mtani alifika kimya. Nilipomuuliza mbona amenuna, akasema hakulala vizuri, akamwaga begi lake kwenye mkeka.

"Tazama huyu," nilimwambia mke wangu. "Babu zake walikuja pwani kwa miguu wakiwa na mizigo ya watu kichwani. Leo tumewapa baiskeli, bado wanatafuta cha kubeba!"

"Na babu yako alijiuza kwa pishi ya mtama wakati wa njaa," mtani akajibu. "Mtumwa wangu, fanya kazi haraka, jua linatoka."

Nilitoa shati la pili, nikatoa kitana. Halafu nikashika kopo dogo la ugoro lililozungushiwa kitambaa na kufungwa uzi. Nikalitikisa, halikutoa sauti.

"Ugoro! Utapiga chafya mpaka uanguke kwenye baiskeli." Nikaliweka dirishani.

Alicheka, lakini kicheko chake kiliishia njiani. Macho yake yalikwenda dirishani, yakarudi kwangu, yakakaa kidogo. Nililiona hilo. Siwezi kusema sikuliona. Nilidhani ananipangia kisasi cha utani, nikafurahi. Sikulifungua lile kopo. Mimi niliyejiita fundi wa kuchagua vitu niliacha kitu bila kujua ni kitu gani.

Tulivuka daraja la mto Pangani jua likiwa bado chini. Kwa saa mbili za kwanza aliendesha mbele yangu, kisha sambamba, kisha nyuma. Nilimtania nikidhani ni uvivu. Kila nilipogeuka nilimwona amebaki mbali zaidi, ameinamia usukani, mabega yamepanda karibu na masikio. Kulikuwa na sauti nilidhani ni ya mnyororo uliokauka mafuta. Nikasimama nimngoje nikiwa nimeshatoa chupa ya mafuta. Alipofika karibu na kuacha kupiga pedeli, mnyororo ukanyamaza, ile sauti ikaendelea. Ilikuwa inatoka kifuani mwake.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia. Kurudi Korogwe kulikuwa mbali, Handeni nako mbali, na mbele yetu kundi kubwa la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara kwenda kwenye lambo. Vumbi lao lilisimama kama ukuta, likatujia polepole. Nilimwambia tuache baiskeli tukimbilie kichakani. Alijaribu hatua nne, akakaa chini. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

"Kopo," akasema. Akavuta pumzi, ikagoma. "Vidonge. Pumu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Mimi nilikuwa nimeusema msemo huo mara nyingi, nikiwacheka watu.

Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa nyuma ya ng'ombe wale alituona. Nikampa shikamoo huku nalia, mtu mzima na ndevu zangu. Akapiga mluzi na kuwageuza ng'ombe wake, kundi zima, ili upepo upeleke vumbi upande mwingine. Nilipotaka kumlaza mtani kwenye kanga alinipiga mkono.

"Huyu usilaze. Ukilaza, amekwisha. Kalisha." Akaegemeza magoti yake kwenye mgongo wa mtani ili akae wima. Kisha akanitazama. "Wewe umebeba nini humo?"

Nikamwaga begi langu mchangani mbele yake. Pampu. Gundi. Viraka. Spana. Spoki tatu. Alivitazama, akanitazama mimi. Vyote vilikuwa vya kuitengeneza baiskeli. Sikuwa nimebeba hata kitu kimoja cha kumsaidia binadamu, na cha mwenzangu nilikuwa nimekiacha dirishani nikicheka.

Tulikaa pale muda ambao siujui. Nilihesabu pumzi zake, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, na kati ya moja na nyingine niliona nafasi inazidi kuwa ndefu. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata kucha zikaingia. Hakunitazama usoni. Niliomba kwa Mungu kwa maneno ya mtoto: nipe gari, nipe gari, sitaomba tena.

Gari lilikuja, lori la mahindi likienda Handeni. Dereva alimteremsha utingo wake ili mtani akae mbele, mimi nikapanda juu ya magunia. Baiskeli na bidhaa zote zilibaki kwa yule mama, na siku ya tatu nilizikuta kama tulivyoziacha, hata wembe mmoja haukupungua.

Hospitali walimchoma sindano, na alasiri kifua kikaanza kufunguka. Muuguzi alikuwa mkali. "Mtu mzima unajua una pumu, unasafiri bila dawa? Ziko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mtani akaniwahi.

"Nilizisahau nyumbani, dada," akasema.

Baadaye alinieleza, akitazama ukuta. Aliuficha ugonjwa wake tangu ujana, hata vidonge alivisindilia pamba ndani ya kopo la ugoro visisikike, kwa sababu watu wa kambi ya mkonge walidhani kikohozi chake ni kifua kikuu, wakamtengea kikombe. Alihofu nami nitamtengea, nitafute mtu mwingine wa kusafiri naye. Nikamuuliza kwa nini hakulidai kopo lake asubuhi ile. Alishangaa kweli kweli.

"Ningekudaije? Wewe ni mtani."

Alipona. Tuliendelea na biashara miaka miwili hivi, lakini alianza kufika kwangu begi likiwa limeshafungwa na kukazwa mipira, na mkeka sikuutandika tena. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto, akaniita kaka. Nilimtukana babu yake mara kadhaa, nikingoja matusi yarudi. Alitabasamu tu, kama unavyomtabasamia mtu wa ofisini. Hakuwahi kunitupia neno moja la hasira, na ningelipokea kwa furaha.

Mama yake alipofariki nilikwenda msibani kama mtani anavyopaswa kwenda. Nilivaa koti nje ndani, nikajipaka majivu usoni, nikakata gongo la kuzibia njia ya makaburini, ili nipige kelele kwamba mtumwa wangu haziki mtu mpaka anibembeleze. Kazi ya mtani ni hiyo, kuwachekesha wafiwa siku wasiyoweza kucheka. Akina mama waliponiona tu walianza kuziba midomo kwa kanga, wazuie kicheko.

Yeye alinyanyuka kwenye mkeka, akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante kwa kuja, kaka," akasema taratibu. "Maji yako pale. Nawa uso, ukae na wageni."

Nikaenda kunawa.