Meza ya Mikono

Siku yangu ya kwanza kazini niliminya chuma hadi kucha zikabadilika rangi, na bado meza akapewa mwingine.

Tulioripoti asubuhi ile tulikuwa wawili, mimi na Aikande. Tulikuwa tumesoma darasa moja chuo kikuu, tukafanya mitihani ileile, na sasa tulikuwa tumesimama pamoja kwenye kitengo cha utengamao cha hospitali moja hapa Arusha. Utengamao ni kazi ya kumrudishia mtu uwezo wa mwili baada ya ajali au ugonjwa. Wagonjwa wanatuita watu wa mazoezi. Mkuu wa Kitengo, mzee mrefu aliyevaa sweta hata mwezi wa Januari, hakutuuliza vyeti. Alitoa kwenye kabati kifaa kiitwacho dainamomita: chuma chenye mshikio wa kuminya na uso wa mshale kama wa saa, unaoonyesha kilo.

"Kaeni. Miguu sakafuni, kiwiko kibanwe ubavuni. Anaeli, anza."

Niliminya kwa nguvu zote. Mshale ulipanda vizuri nami nikafurahi. Aikande akaminya, ukafika chini kidogo ya nusu ya wangu. Mkuu akarudisha kifaa kabatini.

"Aikande atakaa meza ya mikono. Wewe kijana utaanza na magoti na migongo."

"Mkuu, samahani. Kwa nini?"

"Umeuliza kwa nini kabla hujauliza magoti ya nani."

Sikuona kama hilo ni jibu, na mpaka leo silioni. Naliandika kwa sababu wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo wananiomba niwasimulie kazi ilivyokuwa hospitali. Wananiita mstaafu kwa utani, maana niliacha utumishi wa umma kabla sijaota hata mvi moja. Basi mstaafu anasimulia, na anaanza na wivu kwa sababu kazi ilianza hivyo.

Meza ya mikono ilikuwa dirishani, mahali pekee penye mwanga mzuri. Juu yake kulikuwa na udongo laini wa kufinyanga kwa mazoezi, vibanio vya nguo vya ugumu tofauti, bakuli la maharage, na rula ya pembe ya kupimia kidole kinajikunja kiasi gani. Mimi nilikuwa kona ya nyuma nikiinua miguu ya watu na kumsikiliza Aikande akicheka na wagonjwa wake. Mafundi cherehani wa Levolosi, madereva wa bodaboda waliovunjika viganja, wote walimwita dada Aikande, na walipopona walimletea parachichi. Mgonjwa wa mgongo hakuletei parachichi. Hata akipona anaamini ni maombi.

Niliuliza maswali mengi kipindi kile. Kwa nini tunapima mara tatu na kuchukua wastani, si mara tano? Kwa nini mtu anayetumia mkono wa kulia tunategemea mkono huo uwe na nguvu zaidi kidogo kuliko wa kushoto, na je, fundi wa matofali tumhesabu vipi? Mkuu alijibu baadhi. Mengine aliyajibu kwa kunipangia kazi nyingine, na la mwisho alilijibu kwa barua ya uhamisho wa muda. Nilipelekwa kituo cha afya kule juu, kwenye miteremko ya Meru, ambako Mganga Mfawidhi alikuwa ameomba mtu wa mazoezi.

Mganga Mfawidhi ndiye msimamizi wa kituo. Yule wetu alikuwa mama mmoja mcheshi aliyenikabidhi chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. "Karibu ofisini, daktari," aliniambia, "ukipata mlango usiofunga ujue ndio wako." Hakukuwa na plastiki ya kutengenezea splinti, kile kishikizo kinachotuliza kidole wakati kinapona. Nilinunua bomba la plastiki la maji dukani, nikalipasua, nikalilainisha kwenye maji ya moto na kulikunja kwa umbo la mkono. Lilifanya kazi. Na jambo nililolifurahia zaidi ni kwamba kule hapakuwa na Aikande. Mikono yote ilikuwa yangu.

Ilikuwa mingi. Watu wa kule wanafuga ng'ombe ndani ya banda, kwa hiyo majani yanakatwa kwa mashine, na mashine ya majani haichagui. Ndivyo alivyokuja Mama Neema. Mashine ilikuwa imemkata kano za vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kano ni zile kamba nyeupe zinazovuta vidole, watu huziita mishipa. Zilikuwa zimeshonwa mjini na kidonda kilikuwa kimefunga, lakini kidole cha kati kilikuwa kimekakamaa kama kijiti. Kukamua hawezi, kumenya ndizi hawezi. Daktari Bingwa wa Mifupa alikuwa amemwambia wazi: kama mkono hautafikisha kilo kumi na mbili hadi atakaporudi kliniki, kile kidole kitakatwa, maana kinawazuia wenzake kufanya kazi.

Alikuja akifuatana na baba mkwe wake. Mume alikuwa Mirerani kwenye migodi, hivyo mzee ndiye aliyemsindikiza kila mara, na koti lake la suti, fimbo yake, na kikopo chake cha ugoro. Nilimsalimia kwa Kimeru nikiwa nimeinama.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nilimtajia babu yangu.

"Kumbe! Yule aliyekuwa akigombana na kila mtu kwenye chama cha ushirika?"

"Huyohuyo, mzee."

"Basi uko nyumbani." Alikaa kwenye kiti nilichomletea, karibu kabisa na meza, na toka siku hiyo kile kiti kikawa chake. Mgonjwa mwingine akikikalia, nilimhamisha.

Mama Neema alifanya kila nilichomwambia. Alichambua maharage, alifinyanga udongo, alikunja kidole kwa msaada wa mkono mwingine mpaka machozi yakamlenga. Pembe za vidole zilikuwa zinaongezeka, niliziona mwenyewe kwenye rula. Lakini nilipompa dainamomita mshale uligoma. Kilo sita. Wiki iliyofuata, sita. Nikabadilisha mazoezi, nikabadilisha splinti, nikasoma makala kwenye simu hadi bando likaisha. Sita.

"Jitahidi, mama," nilimwambia.

"Najitahidi, daktari," alijibu akiangalia sakafu.

"Anajitahidi," alisema mzee kutoka kwenye kiti chake. "Mwanamke wa kazi huyu."

Siku ya kliniki ilipokaribia, muda wangu wa kule ulikuwa umeisha, nikarudishwa mjini. Mama Neema alitakiwa kufanyiwa kipimo cha mwisho kitengoni kwetu ili namba ipelekwe kwa Daktari Bingwa. Asubuhi aliyofika, mimi nilikuwa nimeitwa wodini kwa mgonjwa wa nyonga. Niliporudi, Aikande alikuwa ameshampima.

"Mgonjwa wako yuko vizuri, Anaeli," alisema. "Kumi na nne."

Ningetakiwa kufurahi kwa ajili ya kile kidole. Sikufurahi. Mwanamke niliyemhangaikia miezi kule milimani, kwenye stoo ya vyandarua, alikuwa amekaa dirishani kwa Aikande dakika chache akazidisha maradufu.

"Haiwezekani," nikasema.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Mkono hauongezeki kilo nane kwa siku nne tangu nimpime kule. Ama kifaa kimeharibika, ama ulimshangilia, ama ulimwachia atumie bega."

"Sema tu nimedanganya, usizunguke."

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa uso."

Nilikwenda kujaza ndoo ya lita ishirini maji, nikafunga kifaa kwenye bomba la juu la kitanda cha mazoezi, nikaitundika ndoo kwenye mshikio wake. Mshale ulisimama kwenye ishirini na kidogo, uzito wa ndoo yenyewe. Kifaa kilikuwa kizima. Wagonjwa waliokuwa foleni walidhani ni tiba mpya, mmoja akauliza kama na yeye atatundikiwa.

Mkuu alitoka ofisini kwake, sweta mwilini. "Nini kinaning'inia hapa?"

Nilimweleza. Nilimwambia namba ile isipelekwe kwa Daktari Bingwa hadi nimpime mgonjwa tena mwenyewe, mbele yake. "Mlete," alisema.

Niliwaita. Mama Neema akaingia, na nyuma yake mzee na fimbo yake. Nikawahi kumvutia mzee kiti, karibu na meza, kama kawaida yetu. Alinishukuru. Alimtupia Aikande jicho ambalo sikulielewa. Mama Neema akakaa, miguu sakafuni, kiwiko ubavuni. Akaminya.

Sita.

Sitaficha: kwa dakika nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Arusha. Nilimgeukia Mkuu, nikamgeukia Aikande. Alikuwa ameanza kupiga chafya.

"Mzee," alisema kati ya chafya mbili, "nilikuomba mwanzo. Huo ugoro wako unaniua. Tafadhali kaa nje kwenye benchi."

"Binti, umeshanifukuza mara moja leo!"

"Na hii ni ya pili. Samahani, baba yangu. Twende, nikusindikize."

Mimi nisingethubutu. Kumtoa nje mzee wa kwetu, anayemjua babu yangu, tena mbele ya mkwe wake! Nilisimama mdomo wazi wakati Aikande anamshika kiwiko na kumtoa, naye akilalamika mpaka mlango ukafungwa.

"Minya tena, mama," alisema Mkuu.

Mama Neema alivuta pumzi. Akakunja uso, akauma meno, shingo ikasimama mishipa, na sauti ikamtoka kama ya mtu anayejitwisha gunia. Kumi na nne.

Kisha nikauliza, maana ndiyo kazi ninayoijua: "Mama, kwa nini?"

"Daktari, na wewe si wa kwetu?" Alikuwa anaona aibu kwa niaba yangu. "Nikunje uso hivi, nigune hivi, meno nje, mbele ya baba mkwe? Nyumbani nitaingiaje?"

Mimi ni wa kwao. Mama yangu mwenyewe, babu akiingia jikoni, alikuwa anatua hata chungu taratibu. Nilikuwa nimehoji wastani, nimehoji kiwiko, nimehoji kifaa, nikakitundikia ndoo. Kile kiti sikukihoji hata siku moja, kwa sababu nilikileta mimi, kwa heshima.

Kama Aikande angekuwa amejua, ningevumilia. Ningesema amenizidi akili, basi. Lakini nilimuuliza baadaye, tukinywa chai nje, aligunduaje.

"Kugundua nini?" alisema. "Mimi ni Mchaga wa mjini, mambo yenu nitayajulia wapi? Nilikuwa napiga chafya."

Chafya! Mpaka leo jambo hilo linanichoma kuliko kama angekuwa mtaalamu wa mila zote za mlima. Kidole cha Mama Neema hakikukatwa. Mkuu alipostaafu, ukuu wa kitengo na meza ya dirishani vilibaki kwa Aikande. Siku ya kumuaga, Mkuu alinivuta pembeni. "Wewe unapima vizuri kuliko yeye," aliniambia. "Ila yeye anafungua mlango." Alikusudia kunifariji, nami nilikwenda nyumbani nikiwa nimesikia sentensi ya pili tu. Mwaka uliofuata niliandika barua ya kuacha kazi.

Sasa nina chumba changu Kijenge, ghorofani juu ya duka la dawa. Nina dainamomita yangu na meza yangu, nayo iko dirishani. Wateja wengi ni watu wa Njiro wenye ganzi za vidole kwa sababu ya kompyuta. Wanafunzi wanaponiuliza jambo moja la kukumbuka, huwaambia kabla hujaangalia mshale, angalia nani mwingine yuko chumbani. Wanaandika haraka, wakidhani nimelivumbua mimi. Huwa siwasahihishi.

Majuzi mlango uligongwa, akaingia Mama Neema, na nyuma yake yule mzee. Safari hii mkwe ndiye aliyemsindikiza. Mzee alikuwa amepata kiharusi kidogo, mkono wa kulia umelegea, na alikataa katakata kwenda hospitali kwa yule binti.

"Nipelekeni kwa yule kijana mwenye adabu," alikuwa amewaambia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Bado unagombana na watu kama babu yako?"

"Kidogo tu."

Nikampa kifaa. Alikaa wima kwenye koti lake, akamtazama mkwe wake kwa pembe ya jicho, akaminya. Bega lilipanda, kiwiko kilitoka ubavuni, jasho lilimtoka kwenye paji, lakini uso ulitabasamu. Ishirini na mbili. Kwa umri wake, mkono mzima kabisa. Ningeweza kuandika na kuwaruhusu.

"Mama Neema," nikasema, "naomba utusubiri nje."

Alisimama, akacheka, mkono wa kulia ukishika mkoba kwa vidole vyote vitano. "Dada Aikande angenitoa kabla sijakaa."

Mlango ulipofungwa, mzee aliendelea kuutazama kwa muda. Kisha akashusha mabega. Nikamrudisha kiwiko ubavuni, akaminya tena. Mshale ulitikisika, ukasimama kwenye nne.

"Usimwambie," alisema.

"Simwambii, mzee. Tutaanza na udongo laini."

Tulifanya kazi mpaka akachoka. Wakati wa kuondoka alinyoosha koti, akachukua fimbo kwa mkono wa kushoto, akasita mlangoni.

"Yule binti wa Kichaga bado yuko pale hospitali?"

"Yupo, mzee. Ndiye Mkuu wa Kitengo sasa."

"Mwambie nimekuja kwako."

Nilimpigia Aikande simu siku hiyohiyo, kabla sijafunga ofisi.