Mwarobaini Uliovalishwa Saruji

"Mbuzi wako ndio wanaouua mwarobaini! Kamba zimekula gome lote!" alifoka mama muuza chai.

"Mimi nafunga mbuzi, mama, sifungi mti," akajibu mfanyabiashara wa mifugo. "Wewe na maji yako ya moto, kila jioni unamwaga kwa mizizi! Hata mimi ningekauka."

Nilikuwa ofisi ya chifu hapa Garsen, nikingoja barua ya kuombea karo. Mwaka wa tatu sasa mti ule wa hapo uwanjani unakauka kuanzia juu, na bila kivuli chake mama hana mteja. Chifu alikuwa ameshainua kidole atoe hukumu, afisa wa kilimo aliyeitwa kuukagua mti akasema, "Kamba na maji ya moto vimeuumiza, lakini kinachouua ni sakafu. Mizizi haipati hewa. Nani aliuzungushia saruji?"

Kidole cha chifu kilishuka taratibu, kikaanza kukuna sikio. Sakafu ile aliijenga yeye, ili watu wakae vizuri siku za baraza. Naona mti mkubwa hauna muuaji mmoja. Kila anayeupenda huchangia kidogo.

Mama alifika mlangoni, akageuka. "Chifu, siku ya kuzindua hiyo sakafu ulikuja na mkasi. Kesho njoo na sururu."